Tukienda kwenye mkutano wa ajaili, tubebe nini?

Hotuba hii niliitoa Jumamosi asubuhi jijini Dar es Salaam, mbele ya watengeneza programu, walimu na wanafunzi wa kompyuta. Wengi mlikuwa mikoani au zamu kazini, mkaniomba niiandike. Nimeiweka yote, kama nilivyoisema.

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu wa vyuo mlioacha mapumziko yenu ya Jumamosi, wakurugenzi wa kampuni, madevelopa wenzangu, na ninyi wanafunzi mliobanana kule nyuma kwenye viti vya plastiki: habari za asubuhi? Sijasikia vizuri. Habari za asubuhi? Ahsanteni sana.

Nimeombwa nieleze jinsi kampuni yetu inavyoshiriki mikutano ya ajaili. Najua wapo humu ambao neno hilo bado geni kwao, kwa hiyo wazoefu mnivumilie kidogo. Ajaili, yaani "agile" kwa Kiingereza, ni mtindo wa kutengeneza programu kidogo kidogo. Unatengeneza kipande kimoja kinachofanya kazi, unampelekea anayekitumia, unakaa naye umtazame, unarudi kurekebisha, unaongeza kingine. Wiki mbili, kipande. Wiki mbili nyingine, kipande. Hujifungii mwaka mzima ukaja kutoka na mzigo ambao hakuna aliyeuonja ukiwa jikoni.

Sisi ni kampuni ndogo. Tuko watu 11, tumepanga ghorofani Sinza, chini yetu kuna duka la vifaa vya umeme. Mara ya kwanza tulipoamua kwenda kwenye mkutano wa ajaili, ulikuwa Nairobi. Tulipanda basi alfajiri pale Mbezi, kituo cha Magufuli, tukapita Arusha na Namanga, tukafika usiku miguu imevimba. Tulibeba bango refu lenye jina la kampuni, vipeperushi 500 na fulana za kugawa. Tulilipia banda kama lile la Sabasaba. Nikakaa nyuma ya meza siku mbili nikitabasamu. Siku mbili, ndugu zangu. Sikuingia hata kikao kimoja.

Tuliporudi, kijana wetu mmoja wa ofisini aliniuliza swali la kawaida kabisa: "Dada, mmejifunza nini?" Nilitafuta jibu, sikulipata. Nilimpa fulana iliyobaki.

Sasa nawauliza ninyi: tulikwenda kufanya nini kule?

Ili kulijibu hilo, turudi nyuma hadi Februari 2001. Kuanzia tarehe 11 hadi 13 mwezi huo, watengeneza programu 17 walikutana Snowbird, kwenye milima ya Wasatch, jimbo la Utah nchini Marekani, mahali ambapo watu huenda kuteleza kwenye theluji. Alikuwapo Kent Beck, Ward Cunningham, Martin Fowler, Alistair Cockburn, Ken Schwaber, Jeff Sutherland na wengine. Kwa haki kabisa walikuwa washindani. Huyu ana njia yake ya kutengeneza programu anayoiita XP, yaani Extreme Programming, wale wawili wana yao inayoitwa skramu (Scrum), mwingine ana Crystal. Wakakaa, wakabishana, wakatoka na tamko fupi la ajaili ambalo leo linabandikwa kwenye kuta za ofisi dunia nzima. Mambo manne wanayoyathamini, na baadaye kanuni 12.

Walikuwa wanaume 17. Hakuwapo mwanamke hata mmoja, wala mtu aliyetoka Afrika. Nalisema hili bila kinyongo. Nalisema ili mjue kwamba mengi hayajasemwa bado kwenye mikutano hii, na wa kuyasema tumo humu ndani.

Watu wengi hukariri yale mambo manne. Mimi nawaomba msome sentensi inayotangulia. Pale wanasema kwamba njia bora za kutengeneza programu wanazifichua kwa kuifanya kazi wenyewe, na kwa kuwasaidia wengine waifanye. Nirudie? Kwa kuifanya. Na kwa kuwasaidia wengine waifanye. Hiyo nusu ya pili ndiyo mkutano. Ukiiondoa, unabaki na ukumbi wa kukodi na chai ya saa nne.

Na watu wale walifika na kazi mikononi. Sutherland na Schwaber walikuwa wameshaieleza skramu mbele ya wenzao mwaka 1995, kwenye OOPSLA, mkutano wa watengeneza programu, jijini Austin. Beck alikuwa ametoka kwenye mfumo wa mishahara wa kampuni ya magari ya Chrysler, mradi ulioitwa C3. Humo ndimo XP ilimozaliwa. Mfumo ule ulianza kulipa sehemu ya wafanyakazi mwaka 1997, na mwaka 2000 Chrysler wakausitisha kabla haujawafikia wote. Mnalisikia hilo? Mradi uliozaa njia nzima ya kazi ulikuwa umesitishwa mwaka mmoja kabla ya Snowbird. Haukufichwa uvunguni. Ulijadiliwa, ukachambuliwa, walioupenda wakautetea, wasioupenda wakausema. Hadi leo unafundisha.

Nitawapa mfano mwingine, ninaoupenda kuliko yote. Agosti 2007 palikuwa na mkutano mkubwa wa ajaili jijini Washington. Wakasimama watu wawili wa Salesforce, kampuni ya programu ya Marekani: Chris Fry na Steve Greene. Wakati huo Salesforce si kampuni ya uchochoroni, hisa zake zilikuwa zinauzwa kwenye soko la New York tangu 2004. Wakasema nini? Kwamba zamani walikuwa wanatoa matoleo manne makubwa kwa mwaka, na kadiri walivyokua wakazidi kuchelewa, hadi likabaki toleo moja tu kwa mwaka. Wakaeleza jinsi walivyozigeuza timu zaidi ya 30 kwa mpigo, ndani ya miezi mitatu, wakati vitabu vingi vilikuwa vinashauri uanze na timu moja au mbili.

Wangeweza kuishia hapo, wakapigiwa makofi. Hawakuishia hapo. Wakaeleza ambayo wangeyafanya tofauti. Kwamba walichelewa kuwafundisha wale wanaopanga nini kitengenezwe kwanza. Kwamba walichelewa kuita walimu wa nje. Kwamba wakubwa wa kampuni walitakiwa wapewe kazi mahsusi za kufanya katika mageuzi yale. Mwenye kampuni ya watu watano au ya watu mia tano akisoma maelezo yale anaokoa miezi ya mateso. Sisi yametuokoa. Tulipoanza, mtu wa kwanza tuliyempeleka kufundishwa ni yule anayepanga orodha ya kazi, kwa sababu wageni wawili tusiowahi kuwaona walikuwa wameshakiri kwamba wao walimchelewesha.

Hebu jiulize: kampuni yenye wanahisa, yenye washindani wanaoinyemelea, inasimama hadharani kusema hapa tulikosea. Sisi wenye kampuni za watu 11 tunaogopa nini?

Naomba sasa niseme letu.

Miaka michache iliyopita tulipata kazi ya kutengeneza mfumo wa SACCOS moja katika mkoa wa Morogoro. Wakulima, wafanyabiashara wadogo, walimu wa shule za msingi. Tukakutana na bodi, tukaandika maelezo ya mahitaji, kurasa zaidi ya mia moja, zikasainiwa na kugongwa mhuri. Miezi minane tukawa Sinza tunaandika msimbo. Nilikuwa najivunia kazi ile. Siku ya kukabidhi zililetwa soda, ikapigwa picha, mwenyekiti akashukuru, na mimi nikashukuru.

Baada ya wiki tatu nilirudi kufuatilia malipo ya mwisho. Niliingia ofisini nikakuta kompyuta yetu imefunikwa kitambaa cheupe kilichodariziwa maua, kile tunachofunikia televisheni sebuleni. Juu ya kitambaa kuna daftari la kaunta, lile la zamani. Karani, mama wa makamo, alikuwa anaandika kwa kalamu. Aliponiona akasimama, akanikaribisha kiti, akanitafutia maji ya kunywa. Nikamuuliza, "Mama, mashine ina tatizo?" Akasema, "Hapana mwanangu, nzuri sana. Ila leo gulio."

Nikakaa pale kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi mpaka saa tisa, na nilichokiona sitakisahau. Foleni ilitoka nje mpaka chini ya mwembe. Kila mwanachama aliyefika dirishani alianza na swali moja: nina shilingi ngapi? Kabla hajaweka, kabla hajatoa, kabla hajaulizia mkopo. Kwenye mfumo wetu, jibu la swali hilo lilikuwa kwenye ukurasa wa nne, na ili ulifikie ulipaswa uijue namba ya uanachama. Wanachama walikuwa hawazikumbuki namba. Walikuwa wanasema, "Mimi mke wa fulani wa kule mtoni." Na mama yule alikuwa anawajua wote.

Halafu kuna lingine. Bodi ilikuwa imetaka kila malipo yaidhinishwe na watu watatu: karani, mhasibu, meneja, kila mmoja na nywila yake. Kwenye karatasi jambo zuri, linazuia wizi. Siku ya gulio mhasibu yuko benki mjini na meneja yuko vijijini kwenye marejesho. Hao watatu hawakai chini ya paa moja hata mara moja kwa wiki. Tungeyajuaje hayo? Tungeyajua siku ya kwanza, kama tungekaa kwenye lile benchi.

Jioni yule mama aliniambia, kwa upole kabisa, "Mwanangu, mngeniuliza mimi."

Miezi minane, ndugu zangu! Kurasa zaidi ya mia zenye mhuri! Na mtu pekee aliyekuwa anaijua kazi yenyewe hakuulizwa.

Tulianza upya kwa gharama zetu. Wiki mbili za kwanza tulitengeneza kitu kimoja tu: andika jina, au sehemu ya jina, au kijiji, uone salio. Basi. Nilikipeleka mwenyewe siku ya Alhamisi. Mama akakijaribu kwa wanachama watatu, wanne, halafu akakikunja kile kitambaa akakiweka kwenye droo. Sikumwambia akitoe. Tangu hapo kila Alhamisi ya pili mmoja wetu alikuwa kwenye basi la Morogoro na kipande kingine mkononi. Ilituchukua miezi minne bila faida hata senti. Nyumbani kwangu kulikuwa na mwezi ambao kodi ilichelewa.

Ulipofika mkutano mwingine wa Nairobi, tulikaa kikao. Wenzangu wengine walisema tupeleke ile kazi yetu nyingine, iliyokwenda vizuri tangu mwanzo. Kijana yule aliyeniuliza tumejifunza nini akasema, "Tupeleke kitambaa." Tulibishana sana, na wasiwasi wa waliokataa ulikuwa wa kweli: mteja mpya akisikia kwamba tulipoteza miezi minane, atatupatia kazi? Nilikwenda kwanza kuiomba bodi ya SACCOS ruhusa. Wakajibu: semeni yote, ila msitutaje. Ndiyo maana hata leo hamtasikia jina lao mdomoni mwangu.

Safari hiyo hatukulipia banda. Nilisimama dakika 20, nikaeleza kama nilivyowaeleza ninyi. Kikafuata kimya, nikadhani nimejiaibisha. Kisha akainuka bwana mmoja kutoka Uganda, akasema wana chama cha wakulima wa kahawa chenye tatizo lile lile la idhini tatu. Wao walifanya hivi: malipo madogo, chini ya kiwango ambacho bodi yenyewe imekipanga, karani anayalipa hapo hapo, yanaingia kwenye orodha ambayo mhasibu na meneja lazima waipitie na kuisaini kabla ofisi haijafunguliwa siku inayofuata. Makubwa yanasubiri. Wizi unadhibitiwa na foleni inakwenda. Jambo hilo lilikuwa limetukosesha usingizi, na alilitatua kwa dakika mbili amesimama na kikombe cha chai. Tulirudi Morogoro, bodi ikakubali, na linafanya kazi hadi leo.

Dada mmoja akauliza swali lililoniuma zaidi. Akasema, "Mmekaa na karani, hongereni. Aliyekuwa upande wa pili wa dirisha mmekaa naye lini?" Sikuwa na jibu. Tulikuwa tunajivunia risiti zetu zilizochapwa vizuri, wala hatukuwahi kumuuliza mwanachama mmoja kama anaisoma. Tulipokwenda kuuliza tukakuta wengi wanaiweka kwenye kanga bila kuitazama, kwa sababu herufi ni ndogo na salio liko chini kabisa, chini ya nembo yetu. Tukalipandisha salio juu, kwa herufi kubwa. Nembo tukaiondoa.

Sasa linganisheni safari mbili zile. Mji ule ule, basi lile lile, miguu imevimba vile vile. Ya kwanza tulipeleka bango. Ya pili tulipeleka kitambaa.

Nataka kuwa mkweli kwenu kuhusu jambo jingine. Mikutano hii imeingiliwa. Utakuta mabanda ya cheti cha siku mbili, utakuta wauzaji wa mifumo ya kuwahesabia wafanyakazi kazi zao kama vibarua wa mkonge. Dave Thomas, mmoja wa wale 17, aliandika mwaka 2014 kwamba neno lenyewe limegeuzwa bidhaa, limepoteza maana, na kwamba tangu Snowbird yeye hakuwa ameshiriki tukio lolote la ajaili. Namheshimu, na malalamiko yake nayaona kwa macho yangu kila mwaka. Ila yeye ana mahali pengine pa kukutania na wenzake, ana majarida, ana marafiki wa miaka 30 kwenye kazi. Msichana anayefanya majaribio ya programu peke yake kwenye ofisi ya Singida, akikwama, anamuuliza nani? Mikutano tusiisuse. Tuijaze sisi kwa kazi zetu, ili mwenye cheti cha kuuza akose mahali pa kuweka meza.

Na msiniambie kwamba hatuna la kupeleka. Oktoba 2005, kampuni za simu Safaricom na Vodafone, pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, walianza majaribio ya M-Pesa nchini Kenya, Nairobi na Thika. Wateja hawakufika 500. Wazo lilikuwa dogo: mtu apokee mkopo wake na kulipa marejesho kwa simu. Nick Hughes na Susie Lonie, waliokuwa wanausimamia mradi kutoka Vodafone, waliwatazama wateja wale na kuona mambo ambayo hakuna aliyeyaandika kwenye mpango. Mtu anaweka fedha kwa wakala mji mmoja, anasafiri mfukoni hana kitu, anazitoa akifika. Mwingine analipa rejesho la jirani yake, jirani anamlipa kwa namna nyingine. Mwingine ananunua muda wa maongezi na kuutuma kwa jamaa kijijini. Machi 2007 M-Pesa ilipozinduliwa, mkopo haukuwa tena kiini chake. Kiini kilikuwa kutuma pesa nyumbani, jambo ambalo watu wa Thika na wa Mathare, mtaa wa Nairobi, walikuwa wanalifanya kwa mikono yao wenyewe.

Nani alifundisha hapo? Wateja wasiofika 500, kwenye maduka machache ya mawakala. Na Hughes na Lonie waliandika hadharani, mwaka ule ule wa 2007, yaliyowashangaza na yaliyowasumbua. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema ajaili ni mambo ya Ulaya na Marekani, mpeleke Thika.

Wakurugenzi, hapa nazungumza nanyi. Mwaliko ukija, nani anakwenda? Bosi. Kila mara bosi. Anarudi na mkoba mpya, anaingia ofisini Jumatatu, hakuna anayemuuliza chochote na yeye hasemi chochote. Kwetu tumekubaliana hivi: anakwenda aliyeishika kazi. Kama hadithi ni ya majaribio, anakwenda wa majaribio. Akirudi, ndani ya siku saba anakaa na ofisi nzima saa moja, anataja jambo moja tu la kujaribu, na tunalijaribu wiki mbili zinazofuata. Moja. Mtu akirudi na mambo kumi, hata moja halifanyiki. Tumeyajua hayo kwa kuyafanya vibaya miaka miwili.

Walimu wetu, nanyi nina ombi. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anapowasilisha mradi wake, muulizeni: nani aliutumia, na alikwama wapi? Asiyeweza kutaja mtu aliyekwama, mrudisheni akamtafute.

Mwaka huu ninabaki Sinza. Anayekwenda Nairobi ni binti yetu wa majaribio, ana miaka 24, hajawahi kuvuka Namanga. Anakwenda kueleza hitilafu iliyompita mwenyewe mikononi: ujumbe wa simu wa salio uliokwenda kwa mwanachama mara mbili, mzee mmoja akadhani amewekewa fedha mara mbili, akaahidi kumlipia mjukuu ada. Ameiandika yote, pamoja na siku aliyokwenda kwa yule mzee kumwomba radhi. Ameniambia anaogopa. Nimemwambia mimi pia niliogopa.

Alhamisi ijayo, saa kumi na moja jioni, anafanya mazoezi ofisini kwetu kabla hajapanda basi. Viti viko 15, wa kukaa sakafuni karibuni. Njooni mmuulize maswali magumu, ili ya kule yasimkute mgeni. Ahsanteni kwa kunisikiliza.